Bei ya Kuwahi

Kununua dukani ni ushamba. Unatoa hela, unabeba mzigo, unaondoka. Raha iko wapi? Mjanja hulipia kitu kingali mchoro.

Mwaka 2014, kupitia Kickstarter, tovuti ya Marekani ya kuchangia bidhaa kabla hazijatengenezwa, watu zaidi ya 62,000 walichanga dola milioni 13 na ushei ili watengenezewe Coolest Cooler: sanduku la barafu lenye blenda, spika na chaji ya simu. Waliowahi walilipa dola 185 hivi, wakaahidiwa mzigo Februari 2015.

Februari ikaja, ikaenda zake. Mwishoni mwa mwaka masanduku yakaonekana Amazon, bei imeshapaa mara mbili na zaidi, yakiuzwa kwa yeyote mwenye haraka. Mchangiaji akapata heshima ya pekee: kumtazama asiyechanga hata senti akisaga barafu ufukweni. Na mwaka 2016 waliobaki foleni wakaletewa ofa: ongeza dola 97, tukuharakishie. Kumbe bei ilipangwa kabla gharama haijajulikana, kwa hiyo kila sanduku lililotoka kiwandani lilikula hela ya lililofuata. Kickstarter yenyewe haina lawama, jamani. Imeandika wazi kwamba si duka. Nani alikukataza kusoma?

Desemba 2019 kampuni ya masanduku ikafunga, maelfu wakiwa bado wanangoja. Ikalaumu ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China. Ushuru huo ulianza 2018. Mzigo ulikuwa wa 2015.