Gofu la Babu Limejaa Chupa

Yakhe, ukisikia mtu anatamka neno kujitolea, kimbia. Usiulize kujitolea nini. Kimbia tu. Mimi sikukimbia, sasa hapa Lamu mtaa mzima waniita Mkurugenzi, na ukurugenzi wenyewe ni wa takataka.

Vijana wa mazingira waliitisha kikao barazani. Wataka depo ya kukusanya plastiki, kazi ya bure, faida kwa kisiwa. Wakauliza nani ana mahali. Watu wote wakageuka kunitazama. Si kwa akili zangu, la hasha. Ni kwa sababu ya gofu. Marehemu babu aliniachia gofu la mawe, paa hakuna, mlango nusu, nami nilikuwa nikiliweka nikingoja Mtaliano. Wenzangu waliouza magofu yao leo wana boti za injini mbili. Mimi Mtaliano wangu alikuja kweli, wallahi. Akachungulia ndani, akaona mlima wa chupa, akamaliza maji yake, akanikabidhi chupa tupu. Akasema grazie. Akaenda zake.

Sasa kazi yenyewe. Nilidhani watu wataleta chupa, mimi nitaketi kitini nipungwe na upepo. Kumbe plastiki zina makabila! Nikapewa chati. Chini ya kila chombo kuna pembetatu ya mishale, na ndani yake namba, 1 mpaka 7. Chupa ya maji ni 1. Dumu la mafuta ya kupikia ni 2. Namba 7 ni "nyinginezo", yaani hata waliozipanga walifika hapo wakachoka. Na kifuniko cha chupa si cha ukoo mmoja na chupa yake! Vimeuzwa pamoja, vimenywewa pamoja, lakini ukivitia kwenye ndoo ya maji kifuniko chaelea na kipande cha chupa chazama. Nani aliniambia haya shuleni? Hakuna. Tena hizo namba ni ndogo, na miwani yangu ina jicho moja. Anayezisoma ni binti yangu wa gredi ya tano. Yeye ndiye hutamka, "Baba, hii weka kule." Mimi naweka kule. Wateja wameshajua, siku hizi wakifika mlangoni wauliza, "Bosi yuko?" Bosi yuko madrasa, nasema, ngojeni.

Halafu kuna mambo ya hewa. Chupa zetu huvuka kwa boti mpaka Mokowe, zikapakiwe lori la Mombasa. Nahodha hapimi kilo, yeye ahesabu magunia. Mnunuzi naye hahesabu magunia, apima kilo. Na kilo moja yataka chupa tupu za nusu lita kati ya 50 na 100! Gunia lanipita kimo, nalibeba kwa kichwa, watu wanipa pole njiani, likifika kwenye mizani mshale hata haushtuki. Nauli nimelipa, mzigo ni pumzi za watu. Ndiyo maana twasema toa kifuniko, kanyaga chupa, kisha rudisha kifuniko. Nimeandika kwa rangi nyekundu ukutani. Hakuna asomaye. Wanaleta chupa zimefungwa kikiki, na mimi kwa hasira nikairukia moja na kifuniko chake. Ikateleza. Nikatua kwa makalio saa ileile watoto watoka chuoni. Mpaka leo wakipita wauliza, "Ami, leo waruka saa ngapi?"

Wema wa watu pia wanimaliza. Kuna mama mmoja, sitamtaja, ana heshima zake. Kaleta gunia safi, juu chupa tupu, nikamshukuru mpaka kwa dua. Chini kapanga mifuko ya nailoni! Ile ya marufuku, ya tangu Agosti 2017! Faini yake yafika milioni 4 na kifungo mpaka miaka 4. Yeye keshatua mzigo, yuko kwake anywa chai. Nami nimebaki nayo. Kuichoma siwezi, kuitupa siwezi, kuirudisha haya zanizuia. Kila nikiona kofia ya askari mtaani naketi juu ya gunia na kuanza kuvuta tasbihi.

Maboksi, maana hata hayo huniletea, hayana shida, huliwa. Punda wa jirani huingia usiku kwa ule upande usio mlango, akala karatasi mpaka shibe yake. Asubuhi mwenyewe anijia juu. Punda wangu akishikwa na tumbo, asema, nitajua pa kukupata. Nikamuuliza, na maboksi yangu je? Akanijibu, "Kwani hukuyatoa bure?"

Lakini liniumizalo hasa ni lile jahazi. Si mwajua Flipflopi? Hapahapa Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliliunda kwa plastiki zilizookotwa, ubavuni wakalivika patipati 30,000, likateremshwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Heko zao. Ila wameniponza. Sasa kila mzee apitaye hapa huuliza, "Mkurugenzi, lako washusha lini?" Mzee, mimi hata kigoda cha mbao kimenishinda. Na patipati ninazoletewa, zilizotupwa na bahari, zote ni za kushoto. Za kulia sijui zashukia bandari gani.

Na nyumbani hawaamini kwamba silipwi. Mama mkwe ameniambia waziwazi kwamba mzungu hawezi kumwachia mtu mali yote ile pasi na mshahara. Mzungu gani, mama? Ametaka kunikopa kwa hesabu ya huo mshahara. Nikamwambia sina. Akakasirika kwa kuwa namficha.

Na hivi nasema nawe, hebu sikia hizo kelele za mkokoteni. Vijana wawili, jasho lawatoka, wasukuma friji kubwa ya kuuzia samaki, kutu tupu, mlango umefungwa kwa kamba. Wameibwaga mlangoni, wamejifuta uso. Bosi yuko madrasa.

"Ami," mmoja ananiuliza, "hii ni namba ngapi?"

Hebu nishikie miwani, nilale chini niitafute pembetatu.