Mghosi Upepo Anajibu: Pampu ya Bei ya Mbuzi

Hii ni safu ya wenye matatizo ya magurudumu mawili. Barua za ndoa zipelekwe kwa shangazi wa ukurasa unaofuata, isipokuwa ndoa yenyewe iwe imevurugwa na baiskeli.

*Mghosi Upepo, shikamoo. Nina baiskeli ya Black Mamba, natoka Mwatate kwenda kibaruani Voi siku sita kwa wiki. Mwaka huu nimenunua pampu tatu za shilingi mia nne, zote zimenifia mkononi. Sasa nimeona moja ya chuma, ya kubana kwenye fremu, elfu sita na mia tano. Mama watoto anasema hiyo si pampu, ni mbuzi. Ninunue?*
*— Mfuko Umetoboka, Mwatate*

Marahaba. Mwambie mama watoto kwamba mbuzi na tairi wanajuana zamani. John Boyd Dunlop, aliyetengeneza tairi la upepo kule Belfast na kulisajili mwaka 1888, alikuwa daktari wa mifugo. Alichoka kumwona mwanawe akitikisika kwenye kibaiskeli cha magurudumu matatu. Ila kwa hesabu za nyumbani, mama watoto yuko karibu na ukweli kuliko wewe.

Pampu hupimwa kwa kilomita utakazokokota baiskeli siku usipokuwa nayo. Mwatate hadi Voi ni kama kilomita 25. Ukipata pancha katikati, fundi yuko mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu, na jua la Voi unalijua. Mbigili nayo unaijua: kambegu kenye pembe, na hata kaangukeje, lazima pembe moja itazame juu kungoja tairi lako. Kwa hiyo pampu unaihitaji, tena nzuri.

Lakini nzuri kwa nani? Pampu nyingi za bei kali zimeundwa kwa baiskeli za mashindano, zenye tairi jembamba na upepo mgumu kama jiwe. Ndiyo maana silinda zake ni nyembamba. Chukua mfano wa pampu pana, ya sentimita 2.5 kwa ndani: kufikisha baa saba za tairi la mashindano, lazima uisukume kwa nguvu ya kubeba kilo 35. Hapo mkono unaanza kusali. Tairi lako nene latosheka na baa tatu, yaani kilo 15, na wewe huinua mtungi wa lita 20 bila kumwita mtu. Unachotaka ni wingi wa upepo, na wingi unatoka kwenye silinda pana. Ukinunua ile nyembamba utapampu kuanzia adhuhuri mpaka mwadhini aite alasiri.

Tena, zile tatu ulizozizika umezizika hai. Fungua kifuniko, vuta fimbo. Mwishoni utakuta washa ya ngozi, mfano wa kikombe kidogo. Joto limeikausha, imesinyaa, upepo unapita pembeni badala ya kwenda mbele. Itie matone ya mafuta ya kupikia, iache inywe, halafu itanue kingo kwa kidole gumba mpaka ikae kama sketi, uirudishe taratibu isijikunje. Ukisukuma na kuziba tundu kwa kidole, pampu itakurudisha nyuma kama fahali.

Hukumu: ongeza pesa kidogo upate silinda isiyopinda na washa ambayo fundi wa Voi anaweza kukukatia nyingine. Mwombe mwenye duka uifungue hapo hapo. Pampu isiyofunguka iache, hata ya elfu sita. Mbuzi abaki zizini.

*Mghosi, mpwa wangu ameniletea pampu ya kisasa yenye geji. Sindano inapanda mpaka sitini, tairi bado laini. Geji ni mwongo?*
*— Mwalimu Mstaafu, Wundanyi*

Mwalimu, geji inasema kweli, ila inasema habari za mlangoni, si za chumbani. Valvu ya baiskeli zetu za zamani ina kampira kembamba kaliko­valishwa kwenye pini. Upepo lazima ukasukume kwanza ndipo uingie, na geji husoma huo ugomvi. Kampira kakizeeka hugandana, nawe unalaumu pampu. Kavue, vika kapya ka shilingi chache, kisha pima kama tulivyopima siku zote: bonyeza tairi kwa gumba. Geji imelipiwa bure, lakini usimwambie mpwa. Na kwenye zile kona za kushukia Mwatate, kagua breki kabla ya upepo.

*Pampu ya chuma inaweza kumfukuza ndovu?*
*— Mwendesha Usiku, Maktau*

Hapana. Ya plastiki pia hapana. Pita mchana.

*Mghosi, nimenunua pampu nzuri, sasa kijiji kizima hakina pampu nyingine. Huyu anaazima, yule anaazima, juzi imelala nyumba tatu. Nikikataa naitwa mchoyo. Nifanyeje?*
*— Nimechoka, Sagalla*

Hapa ndipo gharama ya kweli ya pampu nzuri ilipo, na dukani hawaiandiki. Pampu mbovu ni yako peke yako, pampu nzuri ni ya ukoo.

Usikatae. Pampu yako ina ule mpira mfupi wa kuunganishia valvu, unaofunguka kwa kuzungushwa. Huo ni rafiki wa tyubu: kichwa kigumu kinachobanwa moja kwa moja kwenye valvu huitingisha kila ukisukuma, mpaka shina ling'oke, na shina likishang'oka hakuna kiraka. Basi ufungue, uutie mfukoni. Anayetaka pampu mpe kwa mikono miwili, mwambie mpira unao wewe, akaribie uani ajaze hapa hapa. Atajaza, mtaongea habari za mahindi, atakwenda. Wewe utaitwa mkarimu na pampu italala kwako.

Hekima hiyo sikuipata vitabuni. Niliipata baada ya pampu yangu ya tatu, ile ya chuma, ambayo Jumanne iliondoka na mpira wake. Aliyeichukua ni msomaji wa safu hii. Ua wangu anaujua, aje ajaze hapa.