Sanduku la Dhiki: Mume, Mke na Korongo

Barua ya kwanza imetoka Maskati, kwa bwana ajiitaye Mume Aliyeachwa Nyuma, nami naichapa kwa ufupi kwa sababu asili yake ina kurasa sita, na nne katika hizo ni nasaba.

"Mheshimiwa Mshauri, baada ya salamu. Mke wangu aliniomba tuwaache watoto kwa bibi yao siku ya Jumamosi, twende sisi wawili tu Jabal Shams, tukatembee ukingoni mwa korongo. Nikakubali kwa kishindo, nikamwambia asiwe na shaka, maana babu wa babu yangu alizaliwa milima hiyohiyo. Nikavaa makubadhi, nikachukua dele la kahawa na bakuli la halua. Saa moja haijatimia nilikuwa nimekaa kitako, mgongo mwambani, macho nimeyafumba, na mbuzi anaramba halua. Mke wangu akasema, 'Bwana, nisubiri hapahapa,' akaenda mpaka mwisho wa njia, akarudi anaimba. Sasa mashemeji wote wanazo habari. Heshima yangu nitairudishaje?"

Bwana wangu, nimeisoma barua yako kwa masikitiko, na hasa nimemsikitikia yule mbuzi, kwani halua yenye iliki na zaafarani si chakula cha mnyama aliyezoea miiba. Ama hiyo damu ya milimani unayojivunia, sina budi kukukumbusha ya kwamba babu wa babu yako, maadamu katika zile kurasa za nasaba wewe mwenyewe umekiri kuzaliwa Unguja, aliuaga mlima huo akapanda jahazi kwa pepo za kaskazi, na tangu siku hiyo mpaka ukoo wenu uliporejea Oman katika miaka ya 1970, sidhani kama yuko hata mmoja wenu aliyepanda kitu kirefu kuliko ngazi za Beit el Ajaib. Na damu, kwa nionavyo mimi, ikikaa pwani muda wote huo husahau kupanda, ikabaki na ilimu ya kuteremka bandarini tu.

Njia iliyokushinda huanzia kijiji cha Al Khitaym, nayo, ajabu ni hii, si ya kupanda sana: ni kilomita nne hivi kwenda, aghalabu tambarare, na mawe yake yamepakwa rangi nyekundu, nyeupe na njano ili mgeni asipotee. Kinacholegeza magoti hapo ni jicho, kwani mkono mmoja una ukuta wa jabali na mkono wa pili una hewa tupu, takribani mita 1,000 mpaka chini ya wadi. Watu wa As Sab, kile kijiji kilichohamwa alichokifikia mkeo, ambacho nyumba zake za mawe zimejibanza chini ya mwamba uliotokeza kama upenu, walipita hapo na mizigo yao na watoto wao, wala hatukusikia kwamba walibeba dele.

Basi rudi. Nenda miezi ya baridi, alfajiri, na viatu vya kufunga kamba, na maji lita tatu kwa kila mtu. Mke atangulie, wewe fuata nyuma upande wa ukuta, na macho yako yasibanduke kwenye visigino vyake, jambo ambalo kwa mume wa miaka mingi halina aibu. Ukifika, usimwambie mtu. Mkeo atasema mwenyewe. Na asiposema, yamkini ni kwa kuwa maji yako aliyabeba yeye.

Barua ya pili ni ya Bibi Harusi wa Siku Arubaini, ambaye mumewe anataka kumpeleka Wadi Shab pamoja na mama mkwe, ilhali milimani kumetanda mawingu, na bwana anasema, "Hapa si jua linawaka?"

Binti yangu, la mawingu halina mzaha. Mvua hunyesha huko juu msikokuona, na maji yakashuka bondeni ghafla chini ya mbingu safi, yakakokota mawe na magari. Kwa hiyo mumeo akishikilia jua lake, wewe ficha ufunguo wa gari mpaka milima itakate.

La mama mkwe ni jepesi: mwalike. Mtavuka kwa kijiboti chini ya daraja la barabara kuu, mtatembea kama dakika 45 juu ya mawe na kando ya mfereji wa falaji, kisha njia itakwisha na kuogelea kutaanza, dimbwi baada ya dimbwi, mpaka penye ufa wa jabali mwembamba usiopitisha zaidi ya kichwa, na ndani yake pango lenye maporomoko ya maji. Mama atabaki kivulini mwa mitende karibu na boti, na birika, na vikapu, na viatu vyenu. Ila ukisikia kwamba alikulia Forodhani ya Unguja, na kwamba utotoni akiruka baharini kutoka ukutani pamoja na kaka zake, niandikie tena upesi.