Shabiki wa Kurithi

Ushabiki wa Simba au Yanga hauchaguliwi. Mtoto wa Kitanzania huukuta nyumbani pamoja na jina la ukoo, na mara nyingi huvikwa jezi kabla hajaota meno. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka uliofuata, na makao makuu ya klabu zote mbili yapo Kariakoo, Dar es Salaam: ya Yanga Jangwani, ya Simba mtaa wa Msimbazi, mwendo mfupi tu kwa miguu. Kwa ujirani huo, pande hizi zilianza zamani kuoana, na ndipo matatizo yalipoanzia. Katika nyumba moja atakuwepo babu wa Msimbazi, mkwe wa Jangwani, na mjukuu anayeapa kuwa yeye ni Arsenal peke yake, ila siku ya dabi ya watani hawa anaonekana kavaa kijani cha Yanga.

Umri wa shabiki hukisiwa kwa mechi anazozitaja akibanwa kwenye ubishi. Anayeanzia mwaka 1968, Yanga iliposhinda 5-0 wakati Simba ikiitwa bado Sunderland, huyo ni mzee wa kupisha kiti. Anayejibu kwa Julai 19, 1977 ni mwana Simba wa makamo kwenda juu: siku hiyo ilikuwa 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Wa kizazi cha kati wanayo Mei 6, 2012, Simba 5-0, ambapo hata kipa Juma Kaseja alipiga penalti akafunga, jambo ambalo wana Yanga wengi huliona ni kukosewa adabu kuliko matokeo yenyewe. Vijana hawarudi nyuma kiasi hicho. Wao wana Novemba 5, 2023, Yanga 5-1, na kwa wiki kadhaa baada ya hapo mwana Simba hakuweza kuagiza maandazi matano bila muuzaji kumnyooshea vidole vyote vya mkono mmoja. Wazee wa Msimbazi walijibu kwa vidole hivyohivyo na kuongeza kimoja cha mkono wa pili.

Adha za kufuatilia mpira zimebadilika sura tu. Kizazi cha kwanza kilikuwa na redio na betri. Betri zikichoka zilianikwa juani tangu asubuhi, zikageuzwageuzwa, kisha zikarudishwa redioni kwa matumaini. Zilidumu hadi mtangazaji wa Radio Tanzania alipopandisha sauti, mpira ukiwa ndani ya kumi na nane, hapo ndipo zilipokata roho. Watu waliosimama kuizunguka redio waligawanyika papo hapo: nusu waliapa kwamba umeingia, nusu kwamba umegonga mwamba, na ukweli ulisubiri gazeti la kesho yake.

Kizazi cha pili kilipata televisheni, ambayo Tanzania Bara ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na ikaja na antena juu ya mlingoti. Kila nyumba ilikuwa na kijana wa kuizungusha, akielekezwa kwa kelele kutoka dirishani: geuza, umepita, rudi kidogo, hapo hapo usiachie! Picha ilitulia pale tu alipoushika mlingoti kwa mikono yake. Akiachia, wachezaji walizama kwenye chengachenga. Kwa hiyo aliyewawezesha wenzake kuona mpira ndiye aliyekosa mabao mengi kuliko wote, na mengine aliyasikia kupitia ukutani.

Kizazi cha tatu kina king'amuzi na simu, na kingedhaniwa kimeokoka. Hakikuokoka. Kifurushi huisha dakika ya themanini, na mwenye namba ya malipo yupo safarini. Zaidi ya hayo, matangazo ya redio huwahi, ya king'amuzi huchelewa kidogo, ya simu huja mwisho kabisa. Babu aliyekaa uani na redio yake kuukuu huruka juu akipiga mayowe wakati sebuleni mpira bado unarushwa kutoka pembeni, na mjukuu mwenye bando hulipokea bao hilo likiwa limeshashangiliwa na mtaa mzima. Ni haki ya wazee, kwa kweli, baada ya betri zile.

Nyumbani pia kuna kamati ya ufundi, ingawa haina bajeti. Jezi iliyoshuhudia ushindi haifuliwi hadi msimu uishe, na mama mwenye nyumba akiitia kwenye beseni bila taarifa, kipigo kinachofuata huandikwa kwenye jina la sabuni. Viti havibadilishwi. Mgeni anayeingia sebuleni sekunde ile nyavu zinapotikisika upande usiotakiwa hutangazwa kuwa na nuksi. Huombwa kwa heshima zote akae kibarazani, na chai yake humfuata hukohuko. Shangazi mmoja wa aina hii hupatikana karibu kila ukoo. Ajabu ni kwamba watani wakija kutazama mpira, wao ndio humwita aingie.

Pigo baya zaidi, hata hivyo, humpata anayesherehekea mapema. Oktoba 20, 2013, Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0, na wapo waliotumia dakika hizo kumi na tano kutuma ujumbe wa kejeli kwa kila mwana Simba aliyekuwa kwenye simu zao. Mechi iliisha 3-3. Majibu ya ujumbe ule yalipokelewa hadi usiku wa manane. Wazee wa Simba hawakushangaa sana, maana mwaka 1979 timu yao ilifungwa 4-0 Dar es Salaam na Mufulira Wanderers, ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Tangu hapo hawazimi redio kabla ya filimbi ya mwisho, hata betri zikiwa zinalia.

Kwenda uwanjani nako si dawa. Mei 8, 2021, dabi ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku siku hiyohiyo ya mchezo. Yanga ilifika kwa saa ya kwanza ikaondoka, Simba ikaja kwa saa ya pili, na mpira haukuchezwa. Shabiki aliyelipa kiingilio aliziona timu zote mbili, ila si kwa pamoja. Machi 8, 2025 dabi nyingine iliahirishwa siku yenyewe, watu wakiwa wameshasafiri kutoka mikoani na jezi mpya mgongoni. Nauli ya namna hiyo hairudishwi, na kwa mke aliyeambiwa ni safari ya msiba haielezeki.

Mwenye nyumba iliyochanganyika pande zote mbili azingatie machache. Rimoti ikae kwa asiyependa mpira, kama yupo. Kifurushi kilipwe jana yake. Na chakula kiliwe kabla ya mpira kuanza, kwa sababu baada ya filimbi ya mwisho nusu ya familia itasema imeshiba.