Haribu Gogo, Kisha Ulipeleke kwa Fundi

Mwongozo wa kukereza mbao kwa anayeanza, ukiwa Songea

Umeona mguu wa kitanda wenye vifundo na mabonde, umeupapasa, umejiambia: hata mimi naweza. Ni kweli, unaweza. Lakini kati ya kupapasa na kukereza kuna njia ndefu, na wengi huishia katikati. Kinachowaangusha si patasi butu. Ni aibu ya kuuliza. Waswahili walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi anayetaka kukereza miguu ya hicho kitanda ainame zaidi.

Kwanza ielewe kazi yenyewe. Seremala akishika randa, mbao hutulia na mkono hutembea. Kwa mkereza mambo hugeuka: mti ndio unaozunguka, chombo ndicho kinachotulia. Watu wa pwani waliijua kazi hii zamani, mashine yake wakaiita keezo, na miguu ya vitanda vya Lamu ni matunda yake. Huku kwetu leo ni mota na mkanda. Tangu Songea iunganishwe na gridi ya Taifa mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, anayeanza amebaki na kisingizio kimoja tu, nacho ni woga. Tuutibu kwa hatua.

Hatua ya kwanza: Funga pochi, shika fagio

Usinunue mashine. Nunua miwani ya kukinga macho na daftari, kisha zunguka mjini, Mfaranyaki, Lizaboni, Bombambili, ukifuata sauti za misumeno. Ukimpata mwenye mashine ya kukereza, anza na "Shikamoo, fundi." Usianze na "Mashine hii shilingi ngapi?" kwa sababu atadhani umetumwa na watu wa kodi. Ukishaitikiwa, sema: "Naomba nikufagilie maranda."

Ombi hilo lina elimu ndani yake. Okota maranda uyatazame. Yakiwa marefu, yamejiviringa kama nywele zilizotoka kusukwa, patasi ilikuwa kali na mkono ulikuwa mtulivu. Yakiwa unga mtupu, patasi ilikuwa butu na fundi alikuwa anausugua mti badala ya kuukata. Sikiliza na sauti: makali mazuri huvuma mfululizo, mabaya hugongagonga. Ukifagia wiki mbili kwa macho na masikio yaliyo wazi, utajua makali kabla hujawahi kunoa.

Anayependa darasa naye asikate tamaa. VETA ina chuo mjini, SIDO ina ofisi ya mkoa, na Peramiho, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1898, karakana zake zimelea mafundi kizazi baada ya kizazi. Lakini hata mwenye cheti ataomba fagio siku moja.

Hatua ya pili: Tafuta mti ambao hautakuliza

Kijana anayeanza na mninga ni sawa na anayejifunza kuendesha kwa gari la bosi. Mninga ni mti wa heshima: ukikauka hautikisiki, hupinda kidogo sana. Kwa sababu hiyohiyo ni ghali, huchukua miongo kukua, na mazao ya msitu huvunwa na kusafirishwa kwa vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukinunua mbao, dai risiti na uulize zimetoka wapi. Mpingo ndio usiuguse kabisa mwaka huu. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu hufika kilo 1,200 na zaidi, ndiyo maana huzama majini. Patasi ya mwanafunzi itachoka kabla ya mti.

Anza na tunavyovitupa. Mbinga wanakata mibuni iliyozeeka, na kisiki cha mbuni kina nyuzi laini zilizoshikana, kizuri kwa vitu vidogo. Tawi la mwembe au la mparachichi lililoangushwa na upepo linafaa. Lipake nta kwenye ncha zote mbili siku hiyohiyo, kwa sababu maji hukimbilia kutokea nchani, na hapo ndipo nyufa huanza. Kisha liweke kivulini penye hewa. Mvua zetu ni za Novemba hadi Aprili. Gogo lililokatwa Mei lina kiangazi kizima cha kukauka bila haraka.

Hatua ya tatu: Jivue urembo

Mashine haijui kuwa shati lako ni la sikukuu. Kunja mikono ya shati, vua pete na saa, ondoa mtandio, funga nywele, vaa miwani. Usisimame mbele ya gogo unapowasha. Simama pembeni, kwani likiruka litaelekea ulipokuwa. Usisugue kazi inayozunguka kwa kitambaa: kitambaa kikinaswa kitavuta na kidole. Tumia karatasi, inachanika na kukuachia mkono wako. Na ufunike pua. Vumbi la miti migumu huwasha ngozi na kifua, na la mpingo linajulikana kwa hilo.

Hapa sina mzaha hata chembe. Mti ulioharibika utapata mwingine.

Hatua ya nne: Kereza pia

Bakuli ni harusi. Wewe bado unaposa. Kazi ya kwanza iwe pia, ile ya watoto ya kuzungusha chini. Chukua kipande chenye urefu wa shibiri. Kila ncha ichore mistari miwili kutoka kona hadi kona. Inapokutana ndipo katikati. Piga alama kwa msumari. Punguza kona nne kwa randa mpaka upate pande nane, ukibane kwenye mashine, kisha ukizungushe kwa mkono kuhakikisha hakigongi egemeo la patasi. Sasa washa.

Shika patasi ya mfereji, ambayo wengine huiita bobari. Iguse egemeo kwanza, mti baadaye. Ukigeuza mpango huo mti utainyakua. Laza mgongo wa makali juu ya mti unaozunguka. Usikie unasugua bila kukata. Kisha inua mpini polepole, kidogo, kidogo zaidi, mpaka uzi wa kwanza wa randa uchomoze. Hapo ndipo shule yote ilipo. Ukishaipata sekunde hiyo, teremka kutoka kwenye unene kwenda kwenye wembamba, kama maji yanavyotoka milima ya Matogoro, na usipande mlima kwa patasi. Kiwiliwili kiende na mkono. Mkono ukienda peke yake utaacha ngazi.

Pia ni mtihani usiohongwa. Mpe mtoto wa jirani. Ikiyumba, katikati uliikosea, na mtoto atakwambia bila kupepesa.

Hatua ya tano: Beba aibu yako mkononi

Hiki ndicho kiini cha mwongozo wangu. Usiende kwa fundi na maneno, nenda na kazi iliyoharibika. Ukisema "haitoki vizuri", umemwambia nini? Ukimkabidhi gogo, amepata barua. Nyuzi zilizong'oka atazisoma: ulipanda mlima, au patasi ilikuwa butu. Alama nyeusi ya kuungua: ulikandamiza. Ngazi: ulitembeza mkono tu. Ufa: hukusubiri. Na aombe kuiona patasi pia. Makali ya chuma cha kaboni yakiwa na rangi ya bluu, yameungua kwenye jiwe la kunolea na hayatashika tena mpaka sehemu hiyo iondolewe.

Nilimwona kijana mmoja akimletea fundi mzee bakuli alilolichimba mpaka kitako kikatoboka. Mzee alilipokea, akaliinua jichoni, akamtazama kijana kupitia tundu. "Nakuona, mjukuu wangu. Mchuzi nao utakuona." Karakana nzima ilicheka, kijana akatamani ardhi ipasuke. Kicheko kilipoisha mzee alilaza rula juu ya mdomo wa bakuli lingine, akateremsha penseli mpaka chini, akabana kidole kwenye rula, kisha akaishikiza ile penseli ubavuni kwa nje. "Kitako kimebaki hapa. Pima kila baada ya mapito matatu, mashine ikiwa imezimwa." Ilimchukua dakika moja. Kijana yule hajatoboa tena.

Hatua ya sita: Cheka, halafu andika

Kwa hiyo usiukimbie utani. Mkoa huu umelelewa nao. Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika karne ya 19, na wajukuu wao leo hutaniana hata misibani. Babu na mjukuu nao ni watani, ndiyo maana mzee alichagua neno lile. Fundi anayekutania amekuhesabu kuwa wa nyumbani. Asiyekutaka hukusifia, kisha akakuaga. Chini ya mashine ya mzee yule kuna kopo kubwa limejaa pia zilizopinda. Nilipouliza ni za mwanafunzi gani, aliniambia ni zake.

Hatua ya saba: Uliza hadi mbali, panda hapa

Kuuliza hakuna mpaka. James Harris alikuwa mkereza huko Texas, Marekani, akifanya kazi kwa mpingo, mti ambao Ulaya na Marekani huukereza kuwa klarineti. Alipoona filamu iliyomwonyesha mtaalamu wa mimea wa Moshi, Sebastian Chuwa, aliyekuwa akihangaikia mti huo, alimtafuta. Mwaka 1996 wakaanzisha mradi wa kuupanda upya, na hadi Chuwa alipofariki mwaka 2014 miche iliyooteshwa ilikuwa imevuka milioni moja. Mkereza aliuliza, akajibiwa na mtu wa miti, na jibu likawa msitu.

Mpingo ni mti wa taifa letu na unaota mkoani mwetu. Kabla hujaomba ruhusa ya kuukereza, omba mche uupande. Wewe hutauvuna. Atauvuna anayemfagilia mjukuu wako.

Na siku kijana atakapotokea mlangoni kwako na shikamoo yake, usianze kumwonyesha bakuli zako nzuri. Mpe fagio, kisha vuta kopo lako chini ya mashine.