Namna ya Kuhesabu Meno ya Mkemia

Umeteuliwa kwenye jopo la kuajiri, chuo kiko Garissa, na mezani kuna wasifu mnene wa mtafiti wa kemia ya dawa. Usitishwe na unene. Sokoni hapa mjini mnunuzi makini wa ngamia hamsikilizi sana dalali. Humfungua mnyama mdomo akahesabu meno. Nawe fungua.

Anza na faharasa ya h, aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ikokotoe mwenyewe kwa kalamu, walau mara moja maishani, isikubabaishe tena. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi: tuseme mara 40, 12, 7, 4, 3 na 0. Shuka ukihesabu, usimame pale namba ya makala inapozidi nukuu zake. Ya nne imenukuliwa mara 4, inapita. Ya tano mara 3, inakwama. Faharasa ni 4. Sasa mchukue mwenzake mwenye makala moja tu, iliyonukuliwa mara 2,000. Faharasa yake ni 1. Zitazame nambari hizo mbili vizuri kabla hujaagiza shaah, yaani chai.

Halafu uliza wanaomnukuu ni akina nani, na hapa usiwe na haraka. Anayesaka dawa ya saratani ana wenzake maelfu duniani; watamnukuu hata akilala. Anayesaka dawa ya kala-azar ana wachache mno. Ugonjwa huo huenezwa na usubi wanaojificha vichuguuni, huvimbisha wengu, na usipotibiwa huua karibu kila anayeugua. Mwaka 2000 ulilipuka Wajir na Mandera. Kwa miaka mingi mgonjwa, mara nyingi mtoto, alidungwa antimoni kila siku kwa siku 30. Mwaka 2003 likaanzishwa DNDi, shirika la kutafuta dawa za magonjwa yaliyopuuzwa, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ikiwa miongoni mwa waasisi; watafiti wa Kenya, Sudan, Ethiopia na Uganda wakaijaribu antimoni pamoja na paromomisini, na matibabu yakashuka hadi siku 17. Siku 13 alizookolewa mtoto yule haziingii kwenye faharasa yoyote. Ziandike wewe pembeni mwa wasifu, kwa wino.

Angalia na umri. Faharasa ya h haishuki, hupanda tu, kwa hiyo mzee humshinda kijana kabla hata hawajasomwa. Chuo Kikuu cha Garissa kilifungwa baada ya shambulizi la Aprili 2015 lililoua watu 148, kikafunguliwa Januari 2016. Aliyejenga maabara yake kwenye mazingira hayo usimpange mstari mmoja na aliyetulia Nairobi miaka thelathini. Hiyo ni dhuluma.

Majina nayo yasikulevye. Makala ya mwaka 1977 iliyotangaza muundo wa artemisinini, dawa ya malaria, ilitoka China bila jina la mtafiti hata mmoja. Tu Youyou, aliyeongoza ugunduzi wa dawa hiyo bila shahada ya uzamivu, alisubiri Nobel hadi 2015. Wakati huo dawa za jamii hiyo zilikuwa zimeshawatibu mamilioni ya wagonjwa wa malaria.

Sasa mwite mhojiwa. Kama amechunguza hagar, utomvu ambao wafugaji wa kaskazini hupaka mifugo kufukuza kupe, muulize ni mzee gani aliyemwonyesha mti, na kama alirudi kumweleza alichokiona maabarani. Akitaja boma, akataja na njia ya kufika, mpe alama zote za safu ya kurudi kwa wenyeji. Fomu ikiwa haina safu hiyo, chora.