Namna ya Kuwapiku Wenzako kwa Utulivu

Kutulia peke yako chumbani, mlango umeufunga, kila mtu anaweza. Kibarua ni kutulia mbele za watu, tena uwashinde. Kwa hiyo achana na mkeka na ubani wa nyumbani, kata tiketi uende kusini-magharibi mwa Ufaransa. Huko ndiko iliko Plum Village, makao ya watawa wa Kibudha yaliyoanzishwa mwaka 1982 na Mvietnam Thich Nhat Hanh na mwenzake Chan Khong. Utakuta watawa wa majoho ya kahawia, wageni wa kila taifa, na mashindano ambayo hakuna aliyeyatangaza.

Anza na kengele. Pale kengele haigongwi, inaalikwa. Mwenye zamu kwanza hugusisha kijiti kwenye ukingo na kukibana hapohapo, itoke sauti fupi iliyozibwa ya kuwatanabahisha watu, ndipo ailize kwelikweli. Ile sauti fupi ndiyo bahati yako. Wenzako wakiwa bado wanatafuna, wewe inua kijiko kifike katikati ya sahani na mdomo, ugande. Watavuta pumzi tatu. Wewe vuta nne. Kisha fumbua jicho moja uone nani kajikuna. Saa ya ukutani ikilia bwaloni, fanya vivyo hivyo. Simu ikiita, vivyo hivyo, na anayepiga naye ajifunze subira.

Kwenye matembezi ya pamoja, hatua huenda na pumzi na hakuna anayewahi popote. Wasiojua hubaki nyuma ili waonekane wataratibu. Nyuma nani atakuona? Shika mbele, njia inapokuwa nyembamba, foleni nzima ikwame mgongoni mwako. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, ingawa pale nyama hailiwi, wala mayai, wala maziwa.

Usiku hadi baada ya kifungua kinywa watu hawasemi. Usiwe na wasiwasi: aliyekukoromea usiku kucha anaweza kusomewa mashtaka yote kwa nyusi tu.

Sasa njoo kwenye mabeseni, maana hapa ndipo watu wanapoumbuka. Baada ya kula, kila mtu hujioshea vyombo vyake. Kitabu cha Thich Nhat Hanh, The Miracle of Mindfulness, kilichotoka mwaka 1975, asili yake ni barua ndefu kwa mwenzake aliyebaki Vietnam, akifanya kazi na vijana wa kujitolea waliokuwa wakisaidia wanavijiji katikati ya vita. Humo anashauri uoshe sahani kwa ajili ya kuosha sahani, si ili uwahi chai. Vijana wale walihitaji pumzi wasije wakapagawa. Wewe unahitaji kisingizio cha kulihodhi beseni la kusuuzia, basi barua imekufaa. Zungusha sifongo. Litazame povu. Ile sahani moja igeuze, uigeuze tena. Nyuma yako kuna bibi wa Kijerumani, bakuli mkononi, anashusha pumzi nzito. Hiyo ni pumzi yake, aizingatie mwenyewe. Hatari ni kwamba huenda asikasirike. Huenda akachukua kitambaa, akaanza kukukaushia vyombo vyako huku akitabasamu, na kwa hilo mwongozo huu hauna dawa.

Kama umeshindwa beseni, subiri kikao cha kuanza upya. Watu hukaa duara, katikati kuna chombo cha maua. Anayetaka kusema hukifuata na kurudi nacho mahali pake. Kwanza anawasifu wenzake, na hiyo huitwa kumwagilia maua. Kisha anakiri kosa lake. Mwisho, akipenda, anaeleza kilichomuumiza. Msikilizaji haruhusiwi kumkatiza. Mwanya gani tena unautaka? Sifa zimalize kwa pumzi moja: “Dada yangu, nakushukuru kwa utulivu wako, hata siku ile ulipotuachia masufuria.” Kukiri kupite haraka, kwa sauti ya chini. Kwenye maumivu, jinafasi.

Ila ukishakirudisha chombo cha maua katikati, angalia ni nani anainuka kukifuata. Akiwa ni yule bibi wa bakuli, na akaanza kukusifu wewe, kwa jina, mbele ya wote, tena akimaanisha, itabidi ukae usikilize hadi mwisho. Hairuhusiwi kumkatiza.